Leseni ya Kompyuta: Ukiuziwa Namba, Umeuziwa Nini?

Kikundi cha akina mama au cha vijana kikitaka kompyuta ya kuwekea hesabu, njia moja ya bei nafuu ni kumwita fundi aiunde. Atanunua kasha, diski na bodi kuu, ile huitwa madabodi, vingine vipya vingine mitumba, aviunganishe. Lakini mashine hiyo haifanyi lolote mpaka itiwe mfumo endeshi, yaani programu inayoiamsha na kuongoza kazi zake zote. Wengi wanaujua ule wa Windows, wa kampuni ya Microsoft. Huo si wa bure.

Fundi atasema, "Leteni mia tano tu, nitawawekea." Hapo mtulie kidogo. Microsoft yenyewe huuza Windows 11 Home kwa dola 139 huko Marekani, yaani zaidi ya shilingi 17,000 za kwetu. Ya mia tano imetoka wapi?

Kinachouzwa hasa ni leseni, maana yake ruhusa ya kutumia. Ile namba ya herufi na tarakimu 25 ni alama tu ya ruhusa hiyo. Leseni ya rejareja ni yako: kompyuta ikifa unaihamishia nyingine. Ile mafundi huita OEM hufungwa kwenye bodi kuu ya mashine moja, na haihamishwi. Ya tatu ni ya mashirika, ambayo kampuni au chuo hununua kwa mashine zake nyingi. Hiyo hairuhusiwi kuuzwa moja moja mitaani, lakini namba za bei ya kutupa mara nyingi hutoka huko.

Mnaweza kupima wenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, kisha Enter. Kijidirisha kikitaja tarehe ya kuisha, muulizeni fundi, kwa maana uwashaji mmoja wa kishirika hudumu siku 180 tu. Kikisema ni ya kudumu, vizuri, ingawa hilo peke yake si ushahidi kamili.

Kibaya zaidi ni programu za kuvunja leseni. Nyingi hutaka uzime kinga ya virusi kwanza, na hapo unamfungulia mwizi mlango, na daftari la michango na namba za vitambulisho vya wanachama zimo ndani! Tena Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu.

Pesa zikiwa haba, kuna njia mbili halali. Nunueni kompyuta nzima iliyotumika ofisini, ambayo ilitoka kiwandani na Windows. Tangu 2012 nyingi zina namba ndani ya bodi. Hakikisheni inapokea Windows 11, kwa sababu Windows 10 iliachwa kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Au wekeni Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambayo ni ya bure kisheria, pamoja na LibreOffice ya barua na hesabu. (Ubuntu ni neno la kusini mwa Afrika, ndiyo utu wetu.) Ila programu zilizotengenezwa kwa Windows huenda zisikubali, kwa hiyo ijaribuni kwanza kutoka kwenye flashi, na printa ikiwa imeunganishwa.

Mkinunua leseni, risiti iandikwe jina la kikundi, si la mwenyekiti, na itaje ni Windows ipi na ni leseni ya aina gani. Muuzaji akikataa kuandika hivyo, rudini na pesa zenu.