Nyuki na Nyigu: Malezi Mawili

Nyuki ana sura yake katika Qur'ani Tukufu, An-Nahl, ya 16. Katika aya ya 68 na 69 Mola anamwamrisha kwa tamko la kike, jambo ambalo Kiswahili hakiwezi kulionyesha. Na kweli, watendakazi wote wa mzinga ni majike. Nyigu hakupewa sura. Hapa Kiamaiko hupewa kandambili.

Wapo nyuki wadogo wa asili wasiouma, kama wale wa msitu wa Kakamega, wakaao katika mashimo ya miti. Watoto wao hulelewa kwa chavua na asali, na katika kuitafuta riziki hiyo maua huchavushwa yakazaa.

Nyigu tumtajaye siye yule wa darini. Ni Cotesia flavipes, mdogo wa milimita 3 hivi, asiyemdhuru mtu. Jike humfuata bungua, kiwavi aliyejificha ndani ya bua la mhindi, akamdunga na kumwachia makumi ya mayai. Wanawe hujilisha humo mwilini, kisha hutoka na kufuma vifuko vyeupe, naye bungua hufa. Malezi ya kutisha, naam! Lakini bungua huyo, Chilo partellus, alitoka Asia akawaacha adui zake huko. Mwaka 1993 taasisi ya icipe, yenye makao Kasarani, si mbali nasi, ilimwachilia nyigu huyu wa Asia katika mashamba ya Pwani ili amfuate.

Dawa ya kunyunyiza aghalabu haimfikii bungua aliyekwisha kuingia buani. Humpata nyuki juu ya ua, na nyigu njiani.