Upinde na Dungu: Kulenga Shabaha kutoka Juu ya Mti

Neno upinde latokana na kupinda. Kirundi na Kinyarwanda, lugha zilizo ndugu wa karibu wa Kihangaza cha Ngara, husema umuheto, nalo latokana na guheta, ambalo maana yake ni kupinda vilevile. Watu wa pwani wanalo pia neno la kale, uta, lisilotumika sana siku hizi. Basi wapigao mishale wa pwani na wa bara walikiita chombo chao kwa wazo moja: ni kitu kilichopindwa. Tutaona hapa chini ya kuwa apigaye mshale kutoka juu ya mti imempasa kujipinda mwenyewe pia. Asipofanya hivyo hukosa, ijapokuwa jicho lake ni jema.

Mahali pa kukalia juu pana majina mawili yajulikanayo sana. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, nacho kwa kawaida kina paa. Hapo mlinzi hukaa kulinda mazao yake na ndege na wanyama. Ulingo ni jukwaa la namna hiyo, na mara nyingi halina paa. Vijana wa leo hulijua zaidi neno hili kwa ulingo wa ngumi, lakini maana ya shambani ingali hai. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo maneno haya si ya kamusi tu. Hapo nchi ya mashamba na nchi ya pori hukaribiana, na mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalifanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019. Mwenye shamba lipakanalo na pori ajua maana ya kukesha.

Kupiga mshale kutoka juu si jambo la nchi moja. Katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, Waefe ni watu wa upinde, hali jirani zao wengi wa Kimbuti huwinda kwa nyavu. Mwefe hufanya kiti juu ya mti uliozaa matunda, akangoja kimya mpaka wanyama wadogo wa jamii ya paa waje kula matunda yaliyoanguka. Hawezi kuwafuata kwa miguu katika majani makavu, maana watamsikia. Kwa hiyo huwaacha waje wenyewe. Faida ya kukaa juu ni hiyo hasa: harufu na mwendo wa mtu havimfikii mnyama upesi, na macho ya mtu huona mbali.

Lakini faida hiyo ina gharama yake. Mtu apigaye vema akiwa uwandani, akipanda juu mara nyingi hupitisha mshale juu ya shabaha. Sababu ni mbili, na yafaa kuzitenga.

Sababu ya kwanza ni mvuto wa dunia. Mshale ukitoka katika upote, yaani kamba ya upinde, huvutwa chini mara moja. Kwa hiyo apigaye uwandani huinua mshale kidogo, na kadiri shabaha ilivyo mbali ndivyo azidishavyo. Walakini mshale uendao kwa kuteremka haupindwi njia yake na mvuto wote; sehemu yake huusukuma mbele tu. Basi kipimo cha kufuata si mteremko kutoka jichoni hadi kwenye shabaha, bali umbali wa ardhini, tangu shina la mti hadi pale shabaha ilipo. Tuseme jicho lipo mita 6 juu ya shabaha, na shabaha ipo mita 8 kutoka shina. Mteremko ni mita 10. Mtu na alenge kama alengavyo mita 8 uwandani. Akihesabu 10 atapita juu. Lakini kosa hili ni dogo: mshale ukienda mita 40 kwa sekunde, tofauti ni kama sentimita 6, upana wa vidole vitatu.

Sababu ya pili ni mwili wa mpigaji, nayo ndiyo kubwa. Aliyesimama uwandani huunyosha mkono wa upinde sawa na mabega, na mkono wa kuvuta hufika mahali pamoja shavuni kila mara. Akiwa juu, mwanafunzi huushusha mkono wa upinde peke yake, na kiwiliwili kikabaki wima. Papo hapo bega huvunjika mstari wake, mkono wa kuvuta haufiki pale ulipozoea, na nyuma ya mshale haikai tena chini ya jicho kwa kadiri ileile. Tufanye hesabu. Wano, yaani uti wa mshale, likiwa na urefu wa sentimita 75, na nyuma yake ikashuka sentimita 1 tu chini ya mahali pake, mshale utapanda kama sentimita 13 kwa mwendo wa mita 10. Hilo ni zaidi ya mara mbili ya kosa la kwanza. Mtu husema, “Nimekosea kukadiria umbali,” kumbe amekosea kusimama.

Dawa yake ni hii. Mpigaji aelekee shabaha, avute upinde kana kwamba shabaha ipo mbele yake sawa na kifua chake. Mikono, mabega na kichwa vikae kama siku zote. Kisha ainame kutoka kiunoni, bila kubadili kitu chochote juu ya kiuno, mpaka chembe ya mshale ifike kwenye shabaha. Ndivyo asemavyo upinde: pinda.

Kwa mazoezi hakuna shabaha bora kuliko shina la mgomba uliokwisha kuzaa. Ni laini, haliharibu chembe, tena huonyesha jinsi mshale ulivyoingia. Mwanafunzi apige kwanza mishale mitatu akiwa chini, kwa mita 8. Kisha apande apige mitatu mingine katika alama ileile. Mishale ya pili ikikaa juu ya ile ya kwanza, atazame kiuno chake kabla ya kulaumu upinde.

Shina hilo hufundisha na jambo jingine. Katika mfano wetu, kila mshale uendapo shibiri nne mbele, hushuka shibiri tatu. Kwa mnyama, mshale huo huingia juu ubavuni na kutokea chini upande wa pili. Basi fundi hafikiri pa kuingilia tu, bali pa kutokea. Mnyama akiwa chini kabisa ya mti, mgongo huwa mbele na mapafu hufichika, hivyo mshale humjeruhi asife. Yafaa kungoja aende mbali kidogo. Na dungu lililo juu mno si bora. Kila mita ya kimo huzidisha ukali wa mteremko. Nyati aliyejeruhiwa si hatari kwa aliyempiga tu. Aweza kumwumiza yeyote akutanaye naye alfajiri njiani kwenda kisimani. Kwa ajili ya mtu huyo, mshale wa shaka heri ubaki ndani ya podo.

Tena kuna hatari ya mpigaji mwenyewe. Asipande na mishale mkononi. Aiache chini pamoja na upinde, apande kwa mikono miwili, kisha avivute kwa kamba. Akifika ajifunge kwenye shina, kwa maana anayeinama huku amevuta upinde hana mkono wa kujishikia. Na aangalie ncha za upinde zisiguse tawi wala paa. Ndiyo sababu ulingo usio na paa humfaa mpigaji kuliko dungu.

Mwalimu afundishaye haya aeleze pia sheria. Tangu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kama ilivyokuwa na kabla yake, kuwinda pasipo kibali ni kosa, na upinde haumwondolei mtu kosa hilo. Kwa wengi, basi, shabaha itabaki kuwa mgomba. Lakini ustadi hautapungua, wala maneno: upote, wano, chembe, podo. Hayo mwanafunzi huyashika upesi zaidi akiwa ameyashika kwanza kwa mkono.