Karanga Isiyoonekana Kwenye Pakiti

Watoto wengi Tanzania huanzishiwa chakula kwa uji wa lishe. Unga wake huwa na mahindi, ulezi, soya, mchele, na mara nyingi karanga zilizosagwa humo humo. Mtoto mwenye mzio wa karanga akipewa kijiko kimoja tu, midomo inaweza kumvimba, mwili ukamwasha na pumzi zikambana. Mlishaji hakuona karanga yoyote, kwa kuwa imeshakuwa unga.

Mzazi wa mtoto huyo hana budi kujizoeza kugeuza pakiti. Mbele kuna picha za kuvutia. Nyuma, kwa herufi ndogo, ndiko kwenye orodha ya viambato. Uingereza, vyakula 14 vyenye kusababisha mzio lazima vijitokeze ndani ya orodha hiyo, kwa kawaida kwa herufi nzito. Karanga, ufuta na jamii ya lozi na korosho vimo. Marekani, sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika 2006, inadai vyakula vikuu vya mzio vitajwe kwa majina ambayo mtu yeyote anayafahamu.

Onyo la "huenda ina chembe za karanga" ni habari nyingine. Mashine moja inaweza kutengeneza biskuti za karanga asubuhi na za maziwa jioni, mabaki yakaingia yasikotakiwa. Hata hivyo, katika nchi hizo mbili mtengenezaji halazimishwi kuandika onyo hilo. Pakiti isiyo nalo huenda imetoka kiwanda kisichogusa karanga kabisa, au kiwanda ambacho hakikuona haja ya kuandika. Njia ya kujua ni kukiuliza kiwanda chenyewe: je, mashine hizi hupitisha karanga?

Tena orodha hubadilika. Tarehe 1 Januari 2023 Marekani iliongeza ufuta kwenye vyakula vinavyolazimika kutajwa. Baadhi ya watengenezaji wa mikate, badala ya kuhangaika kusafisha mitambo, wakatia ufuta kidogo kwenye mikate ambayo haikuwa nao, kisha wakauandika. Sheria hawakuivunja, lakini familia zilizokuwa zikila mikate hiyo kwa amani zilipokonywa, na hilo linauma. Kwa hiyo hata pakiti ya kila wiki husomwa upya kila inaponunuliwa.

Vitafunio vya mtaani havina hata cha kusoma. Kashata za nazi ni mfano mzuri. Nazi si karanga, na watoto wengi wenye mzio wa karanga huila bila shida. Mamlaka ya chakula ya Marekani nayo iliitoa nazi kwenye kundi la lozi na korosho Januari 2025. Lakini kashata za nazi na za karanga huweza kupikwa kwenye sufuria moja na kukatwa kwa kisu kimoja. Bisi za nyumbani au ndizi mbivu ni salama zaidi kwa mkoba wa shule.

Kuna siku lebo nayo hushindwa. Mwishoni mwa 2014 na mapema 2015, bizari nyembamba ya unga iliyouzwa Marekani ilikutwa na karanga ambazo hazikuandikwa popote, na bidhaa nyingi zikaondolewa madukani. Siku kama hiyo, pumzi zikianza kumbana mtoto, dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini pajani, kisha hospitali mara moja. Vidonge vya kutuliza mwasho havifungui njia ya hewa. Mwalimu na yaya wanapaswa kujua sindano hiyo iko wapi na inachomwaje.