Hasidi na Mwivu Walihukumiwa na Majina Yao

Wazazi kadhaa wa hapa Ipililo wametuuliza, baada ya swala ya Ijumaa, kama yafaa vijana wasome Adili na Nduguze, hadithi ya Marehemu Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952, kwa kuwa imejaa majini, mji uliogeuzwa mawe na ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Sisi hatuna hofu hiyo. Aisomaye Suratul Jinn hashtushwi na kutajwa kwa majini, na kijana aliyelelewa madrasa hachanganyi kisa cha kubuni na itikadi.

Lililotugusa ni lalamiko la binti mmoja wa kidato cha nne. Alikianza kitabu kwa hamu, akakimaliza kwa kinyongo. Ndugu wanaoitwa Hasidi na Mwivu, alisema, hawana la kufanya isipokuwa kuhusudu na kuona wivu, na anayeitwa Adili hawezi kukosea; basi msomaji asubiri nini? Walimu wa fasihi watamjibu kwamba hayo ni majina ya kimajazi, na kwamba ndivyo hekaya zilivyo. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimtoshi, wala sisi halikututosha.

Kisa hiki Shaaban Robert alikichota katika Alfu Lela Ulela. Huko ndugu hao waligeuzwa mbwa, na baada ya kurudishiwa ubinadamu wao wakamwua ndugu yao aliyewasamehe. Mwandishi wetu aliukataa mwisho huo, akaweka toba na upatanisho. Huo ni uamuzi wa mtu mwenye huruma. Lakini toba huanzia moyoni, na mioyo ya hao wawili hatukuonyeshwa. Tulionyeshwa usaliti wao baharini, kisha mijeledi ya kila usiku. (Wapo wazazi nao wamwitao mtoto "mwizi" kwa kosa moja, kisha wakashangaa anapokuwa mwizi.)

Katika Surat Yusuf ndugu wale hawakupewa majina, mazuri wala mabaya. Tunawasikia wakisemezana faraghani kwamba baba anampenda zaidi Yusuf na nduguye. Mmoja wao anawakataza wenzake wasimwue. Baada ya miaka mingi, mdogo wao anapozuiliwa Misri, mkubwa wao anakataa kurudi nyumbani, kwa ajili ya ahadi waliyompa baba yao na kwa yale waliyomtendea Yusuf. Wakati huo Yusuf hajajitambulisha kwao bado.