Siku Moja Bweranyange, Mji wa Kale wa Wafalme wa Karagwe

Wasomaji wetu wengi wa Karagwe na Kyerwa wamelisikia jina la Bweranyange, lakini waliokwenda kupatazama mahali hapo ni wachache. Tena baadhi yao waliokwenda walirudi wakisema, "Hapana kitu pale, ni majani na migomba tu." Twadhani walisema hivyo kwa sababu hawakujua la kutazama. Mtu akienda Kilwa Kisiwani huona kuta za mawe, naye mara hutambua ya kuwa hapo palikuwa na mji. Bweranyange haukujengwa kwa mawe. Basi twapenda kuwaeleza habari za safari yetu ya siku moja, ili mwalimu atakayetaka kuwapeleka wanafunzi wake ajue atawaonyesha nini.

Tuliondoka Kayanga alfajiri pamoja na walimu wawili na vijana wachache wa shule. Tulipofika tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, tukamwamkia na kumweleza haja yetu. Hii ndiyo adabu, na ina faida pia, maana yeye alitupatia mzee mmoja wa pale atuongoze. Pasipo mzee huyo tungalipita juu ya mji bila ya kujua kuwa tumefika.

Jambo la kwanza la kutazama ni mahali penyewe. Mji ulikuwa juu ya mgongo wa mlima, na chini yake kuna ziwa zuri liitwalo Rweru Rwabishonga. Vitabu vya Wazungu huliita Windermere Ndogo, kwa kulifananisha na ziwa moja la Uingereza. Lakini jina lake la asili ndilo tulilowafundisha vijana wetu. Maji ya nchi hii yote huelekea katika mto Kagera, ambao huzunguka Karagwe na Kyerwa upande wa magharibi na kaskazini, kisha hushika njia ya mashariki, hupita Kyaka, na mwisho huingia katika ziwa Victoria. Mfalme aliyekaa juu ya mgongo ule alikuwa na maji karibu, alikuwa na malisho ya ng'ombe, na aliweza kumwona mgeni angali mbali. Walioteua mahali hapo walikuwa na akili.

Jambo la pili ni kufahamu mji wa namna hii ulikuwaje. Wafalme wa Karagwe walikuwa wa ukoo wa Wahinda, na mfalme aliitwa Omukama. Makao yake yaliitwa kikale, yaani boma lenye ua na nyumba nyingi za miti na majani, nyingine za wake zake, nyingine za watumishi, nyingine za mambo ya ufalme. Nyumba ya majani isipotengenezwa kila mara, huoza na kuwa udongo. Kwa hiyo udongo wenyewe ndio kitabu cha mji huu, na anayeuchimba ovyo anachana kurasa zake.

Mfalme aliyejulikana sana ni Rumanyika, mwana wa Ndagara, aliyetawala tangu miaka ya 1850 mpaka alipokufa mwaka 1878. Mwezi wa Novemba 1861 walifika kwake Wazungu wawili, Kapteni Speke na Kapteni Grant, waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Njiani walikuwa wametaabishwa sana na watemi waliodai hongo, lakini Karagwe walipokewa kwa heshima wakapewa chakula. Speke aliandika katika kitabu chake kwamba Rumanyika aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Jambo hili tuliwaeleza vijana mara mbili, maana wengi hudhani ya kuwa Kiswahili kililetwa huku na serikali ya Wadachi. Kumbe kilikuwa kimekwisha kufika katika baraza ya Omukama kabla ya Mdachi yeyote kutawala hapa. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda, na Grant, aliyekuwa na ugonjwa wa mguu, alibaki akiuguzwa huku mpaka Aprili.

Kiswahili hicho kilikuja kwa njia ya biashara. Si mbali na Bweranyange palikuwa na Kafuro, kituo cha Waarabu na Waswahili. Misafara ilitoka Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, ikileta nguo, ushanga na nyaya za shaba, ikarudi na pembe za ndovu. Na mingine ilipita kwenda mpaka Buganda. Bwana Stanley alipokuja mwaka 1876 alifikia Kafuro, ndipo akaenda kumwona Rumanyika. Alifika pia kwenye chemchemi za maji ya moto za Mtagata, ambazo wasomaji wetu wa Kyerwa wazijua vema. Siku zile nchi zote mbili zilikuwa Karagwe moja, na hata wilaya ya Kyerwa ilitengwa mwaka 2012 tu.

Jambo la tatu ni chuma. Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, akaona mikuki mingi, na sanamu za ng'ombe na za ndege zilizofanywa kwa shaba. Vitu vingine vya ufalme vilikuwa vya chuma, kazi ya wahunzi wa nchi hii. Chuma chao hakikununuliwa pwani. Walichukua mawe yenye chuma, wakayatia tanuuni pamoja na makaa, wakavuta mivukuto mpaka chuma kikajitenga na takataka zake. Takataka hizo, nyeusi na nzito, ndizo tuitazo mavi ya chuma.

Mtu atauliza: mji huo ulikwishaje? Sababu ni nyingi. Rumanyika alipokufa, ndugu waligombania kiti. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi sana, na ng'ombe ndio waliokuwa mali na nguvu ya ufalme. Wadachi walijenga boma lao Bukoba mwaka 1890. Hatimaye reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na bidhaa zikapita kwa meli juu ya ziwa Victoria. Njia ya misafara ikaota majani. Hakuna adui aliyeuteketeza mji kwa siku moja. Ulipungua kidogo kidogo, kama moto usiotiwa kuni.

Tulipokuwa tukirudi, kijana mmoja aliokota kipande kizito cheusi njiani, akataka kukirusha bondeni. Yule mzee akamshika mkono, akasema, "Mwanangu, kiweke ulipokitoa. Babu yangu alituambia hicho ni jasho la wahunzi." Kijana akakirudisha kwa taratibu, na tangu hapo vijana wote wakawa wanatazama chini kwa macho mengine.

Basi yatupasa kufanya mambo matatu. Kwanza, tusichimbe wala kuondoa vitu vya kale; Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba bila ya kibali. Mtu akilima akaona nyundo ya kale, fuawe au chungu, amweleze mwenyekiti wake, wala asimwuzie mnunuzi wa vyuma chakavu, maana atapata fedha ya siku moja na wajukuu watapotewa na ushahidi wa miaka mingi. Pili, walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wakaandike majina ya vilima, ya visima na ya koo, wakitaja nani aliyesema na siku gani. Tatu, wazee wasingoje kuulizwa.

Mzee wetu alitwambia ya kuwa wenzake waliomfundisha wamekwisha kufa wote. Ukuta wa mawe ukianguka, mawe hubaki. Mji wa majani hubaki katika udongo na katika vinywa vya watu, na vinywa vyafunga upesi kuliko udongo. Atakayekwenda Bweranyange achukue chakula, maji, daftari na kalamu. Na katika hivyo vyote, daftari asilisahau.