Mbolea ya Mimea katika Tangi la Samaki: Kisa cha Kifuniko Kimoja



Ndugu wasomaji, katika ghorofa zetu hizi za Toronto watoto hawana ua wa kufugia kuku wala mbuzi. Ndiyo maana tangi la samaki limekuwa ndilo zizi la familia nyingi. Halina kelele, halimsumbui jirani wa chini, na mtoto hujifunza kwalo kwamba kiumbe aliyefungiwa hawezi kwenda kujitafutia riziki mahali pengine. Riziki yake imo mikononi mwetu, na makosa yetu humfikia vilevile. Makala hii inaeleza kosa moja lililotokea nyumbani kwetu, ili wenzetu wasilirudie.

Tulikuwa na tangi la lita 80, samaki kumi na wawili, na mimea ambayo majani yake machanga yalianza kugeuka manjano. Tukasema: mmea ukidhoofika shambani hutiwa mbolea. Tukachukua mbolea ya maji tuliyokuwa tukiwatilia maua ya sebuleni, tukamimina kifuniko kizima. Kesho yake asubuhi samaki walikuwa juu ya maji wakitweta, na hadi kufika magharibi saba walikuwa wamekufa. Mtoto wetu wa miaka minane alituuliza swali moja tu: "Hamkusoma karatasi ya chupa?" Hatukuwa tumeisoma.

Kilichowaua samaki

Mbolea nyingi za maua ya nyumbani huwa na nitrojeni iliyo katika hali ya amonia au urea. Katika udongo haina madhara, bali katika maji machache amonia huunguza matamvua ya samaki, nao hushindwa kuvuta pumzi.

Samaki wenyewe hutoa amonia kila siku. Katika tangi lililokwisha kukomaa, bakteria wanaoishi katika changarawe na kichujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo si kali. Nitrati ndiyo chakula cha mimea. Basi samaki ni watia mbolea tangu asili: kinyesi chao na mabaki ya chakula chao huleta nitrojeni na fosfeti. Kinachopungua mara nyingi ni potasiamu na chuma.

Na mmea hukua kwa kadiri ya kile kilicho haba kuliko vyote. Mwenye gunia la mchele na nyama ya sahani tano hawezi kupika pilau ya karamu. Kumwongezea mchele hakumsaidii. Sisi tuliongeza mchele.

Kusoma majani

Majani ya zamani yakigeuka manjano yote kwanza, huenda nitrojeni imepungua. Yakitoboka vitundu vidogo vyenye kingo za manjano, ni dalili ya upungufu wa potasiamu. Majani machanga yakipauka huku mishipa yake ikibaki kijani, mmea unataka chuma. Hali ya tangi letu ilikuwa hii ya mwisho. Mimea iliomba chuma, nasi tukaipa amonia.

Maji ya bomba ya Toronto

Maji yetu hutoka Ziwa Ontario. Jiji huyasafisha kwa klorini, kisha huongeza amonia kidogo ili ipatikane kloramini, ambayo hudumu katika mabomba. Wengi wetu tulizoea kuyaacha maji ndooni usiku kucha ili klorini itoke. Kloramini haitoki upesi namna hiyo. Ni lazima kutia dawa ya kuiondoa, inayouzwa katika maduka ya samaki. Aidha, tangu mwaka 2014 jiji hutia fosfeti kidogo ili kuzuia risasi isiyeyuke kutoka mabomba ya zamani. Kwa hiyo fosfeti si kitu cha kukimbilia kununua hapa.

Utaratibu wetu wa sasa

Kila Jumamosi tunapima maji kwa vifaa vya matone. Amonia na nitriti ziwe sifuri. Nitrati tunapenda iwe baina ya miligramu 10 na 20 kwa lita. Ikipita 40, tunapunguza chakula cha samaki na kubadili maji zaidi. Kisha tunatoa robo ya maji na kutia mapya yaliyokwisha kutiwa dawa na yenye joto lilelile. Baada ya hapo ndipo tunatia mbolea iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, nusu tu ya kipimo kilichoandikwa, kwa bomba la sindano na si kwa kifuniko. Mimea inayokula kwa mizizi, kama Vallisneria, tunaifukia kidonge cha mbolea katika changarawe. Tunangoja wiki mbili kabla ya kuongeza, tukitazama majani mapya, kwa kuwa yaliyoharibika hayaponi.

Taa huwaka saa nane kwa siku, wala tangi halikai dirishani, kwani jua la Juni hapa hukaa zaidi ya saa kumi na tano. Mwanga mwingi na mbolea nyingi havilishi mimea peke yake. Hulisha pia mwani mdogo unaogeuza maji kuwa kijani.

Somo la maziwa

Haya si mambo ya tangi tu. Mwaka 1973, kaskazini-magharibi mwa jimbo letu la Ontario, mtaalamu David Schindler na wenzake waligawanya kwa pazia ziwa dogo liitwalo Ziwa 226. Upande mmoja walitia kaboni na nitrojeni. Upande wa pili wakatia hizo pamoja na fosforasi. Upande wa fosforasi ukawa kijani kibichi, na wa pili ukabaki safi.

Kwetu Ziwa Victoria limepatwa na jambo hilohilo kwa taka za miji na udongo wa mashamba. Samaki wadogo waitwao furu, ambao majike yao huchagua madume kwa rangi, wamepata msiba wa sangara na msiba wa maji machafu pamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba maji yakiwa na ukungu majike hushindwa kutambua rangi za madume, na jamii za furu huchanganyikana. Na gugu maji lililoziba bandari ya Kisumu katika miaka ya 1990 liliingizwa Afrika kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Kwa hiyo tunawasihi wenzetu: mimea na samaki msiowataka msiwatupe katika vijito na mabwawa ya mji huu. Mimea ianikwe ikauke, kisha itupwe na takataka.

Tangi letu limetulia, alhamdulillah, na bomba la sindano limo mikononi mwa yule mtoto aliyetuuliza. Yeye ndiye asomaye karatasi ya chupa kwa sauti kila Jumamosi. Mimea imezidi hata tunaikata. Mwenye kuhitaji vipandikizi na atuone baada ya sala ya Ijumaa, aje na chombo chenye kifuniko.

Wabillahi tawfiq.