Chombo, Udongo na Sikio

Tarehe 2 Julai 1881, katika stesheni ya reli mjini Washington, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mbili, ya kwanza ikamchubua mkono na ya pili ikamwingia mgongoni na kupotelea mwilini; na kwa kuwa zama hizo eksirei ilikuwa haijavumbuliwa, matabibu wake walishinda wakiisaka risasi ile kwa vidole na vyuma visivyotakaswa, hata jeraha likaoza. Alexander Graham Bell, ambaye miaka mitano kabla ya hapo alikwisha kujipatia sifa kwa uvumbuzi wa simu, aliunda kwa haraka chombo cha koili za waya kilichounganishwa na kisikilizio cha simu, ambacho kikikaribishwa kwenye metali hutoa sauti. Alikijaribu kwa risasi alizozificha ndani ya vipande vya nyama, akakijaribu tena kwa askari wazee waliokuwa wangali na risasi miilini mwao tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe, nacho kikamwitikia vizuri. Lakini kilipoingizwa Ikulu tarehe 26 Julai kilitoa mkwaruzo usiofahamika, maana sehemu moja ilikuwa imeungwa vibaya, na kiliporudishwa tarehe 1 Agosti kilisikika kikilia kwa unyonge takriban kila kilipopitishwa. Baadaye Bell aliarifiwa kuwa chini ya godoro la manyoya ya farasi alilolalia mgonjwa palikuwa na godoro jingine, la nyaya za chuma. Wala godoro peke yake halikustahili lawama yote, kwani tabibu mkuu, aliyekwisha kuamini kuwa risasi iko upande wa kulia, hakumruhusu mvumbuzi kuupima upande wa kushoto. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba, na mwili ulipopasuliwa risasi ilionekana kushoto.

Nimetangulia na kisa hiki kwa sababu ndani yake yamo mashaka yale yale yanayowakabili hata leo wale wanaopewa kazi ya kuvipima vigunduzi vya metali: chombo kilichofaulu mezani, mahali penye metali isiyotafutwa, na mtu mwenye amri aliyekata shauri kabla ya kipimo kufanywa. Leo roho inayotegemea kipimo hicho si ya rais mmoja kitandani, bali ni ya mkulima na ya mwanawe anayekwenda kuteka maji, katika nchi ambazo vita vimekwisha lakini mabomu ya kutegwa ardhini yamebaki.

Asili ya kazi ya chombo hiki si ngumu kufahamika. Koili ya waya hupitishiwa umeme unaobadilika-badilika, na umeme huo huzaa uga wa sumaku unaobadilika pamoja nao; uga huo ukikutana na kipande cha metali ardhini huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo nayo huzaa uga wake wenyewe, dhaifu mno, unaorejea juu mfano wa mwangwi na kugeuzwa kuwa sauti masikioni mwa mteguaji. Mwangwi huo hufifia upesi ajabu. Kwa kitu kidogo kilicho mbali kuliko upana wa koili, umbali ukizidi mara mbili nguvu ya mwangwi hubaki sehemu moja tu ya 64, kwa kuwa hupungua wakati wa kwenda na hupungua tena wakati wa kurudi. Ndiyo sababu sentimita mbili za udongo, ambazo katika kilimo si kitu, katika kazi hii huweza kuwa ndizo zinazotenganisha uhai na mauti.

Katika Vita Vikuu vya Pili, Józef Kosacki, afisa wa jeshi la Poland aliyekuwa akihudumu Scotland, aliunda kigunduzi kilichobebwa na askari mmoja kwa mkono, na mamia ya vyombo vya namna hiyo vilitumika El Alamein mwaka 1942 kuwafungulia njia askari wa Uingereza. Wajerumani hawakukawia kujibu: walitengeneza mabomu ya masanduku ya mbao, kisha ya kioo, ili chombo kipite juu yake kimya. Baada ya vita ikaja plastiki, na yapo mabomu ya plastiki, kama M14 ya Marekani, ambayo metali yake ni kipini kidogo cha kufyatulia na kifuko cha fataki, kiasi cha kujaa kwenye ncha ya kidole.

Tungedhani, basi, kuwa shida yote ni udogo wa metali. Kumbe hasimu mkubwa zaidi ni udongo wenyewe. Ardhi nyingi za nchi za joto zina chembe za madini ya chuma, hususan magnetiti na maghemiti, ambazo nazo huuitikia uga wa sumaku. Na zile chembe ndogo kupita kiasi hazitulii mara uga unapoondolewa, bali hukawia kidogo, na kukawia huko kwafanana sana na mwangwi wa metali ya kweli. Chombo kisichoweza kuutofautisha udongo na bomu huwa na mambo mawili tu ya kufanya: ama hulia kila hatua, ama mwenyewe hukipunguzia ukali wa kusikia, na hapo mabomu madogo hupitwa. Wala mtu asijidanganye kwa rangi. Hematiti hutia ardhi wekundu mkali lakini haikisumbui sana chombo, ilhali udongo wa rangi ya kijivu uliotokana na mawe ya volkano waweza kukitia wazimu. Kwa hiyo wapimaji hawayaamini macho yao. Huchukua kigunduzi kimoja kilichorekebishwa kwa kiwango maalumu, wakakiinua juu ya ardhi tupu, kisha wakapima ni kwa kimo gani udongo wenyewe huanza kusikika. Kimo hicho kikiwa kirefu, ardhi hiyo ni korofi, na chombo kitakachotumika hapo sharti kijaribiwe hapo.

Ushahidi wa jambo hili ulionekana mwishoni mwa miaka ya 1990, mataifa kadhaa yaliposhirikiana kuvijaribu kwa utaratibu mmoja vigunduzi vya aina 29 vilivyokuwa vikiuzwa duniani. Katika udongo wa mfinyanzi, kilichoongoza kilipata asilimia 91 ya mabomu ya majaribio na cha mkiani kilipata asilimia 11. Katika udongo wenye chuma kingi, kilichoongoza kilifika asilimia 71, na cha mkiani asilimia 5. Hivi vyote vilikuwa sokoni, na kila kimoja kilikuwa na muuzaji wa kukisifu. Mwaka 2003, kutokana na tajriba ya namna hii, ulitolewa huko Ulaya mwongozo uitwao CWA 14747, unaoeleza jinsi ya kukipima kigunduzi kwanza hewani, halafu udongoni, na hatimaye mikononi mwa wanaokitumia. Na Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha Umoja wa Ulaya kilivipeleka vyombo uwanjani Laos na Msumbiji.

Kipimo cha hewani, ambacho aghalabu ndicho kinachoandikwa katika vitabu vya wauzaji, hufanywa kwa kusogeza tufe dogo la chuma mbele ya koili na kuandika umbali ambao sauti hukoma. Kina faida yake, kwani hudhihirisha kasoro za kiwandani, lakini mtu akinieleza kuwa chombo fulani husikia hadi sentimita 30 hewani, bado hajaniambia lolote kuhusu shamba la mihogo.

Kipimo kigumu ni kile cha tatu. Wapimaji huzika mabomu ya kuigiza, yenye metali sawa na ya kweli lakini yasiyo na baruti, kwa vina mbalimbali, na mahali pa kila moja pakaandikwa katika daftari ambalo mtafutaji haoneshwi, wala haoneshwi msimamizi aliyesimama karibu naye, kwa kuwa jicho la msimamizi laweza kumpa mtu ishara bila mwenyewe kukusudia. Ardhi huachwa itulie baada ya kuzikwa, maana udongo uliochimbuliwa hausemi kama udongo uliolala. Ndipo mteguaji anapoingia na mavazi yake yote ya kinga, katika jua lake la kawaida, akapitisha chombo na kuweka alama kila anaposikia sauti. Alama iliyoangukia karibu na bomu huhesabiwa kuwa ugunduzi. Iliyo mbali ni kengele ya uongo. Hesabu zote mbili lazima zisomwe pamoja, kwani chombo kinacholia kila mahali hakikosi bomu hata moja, na hakuna anayekihitaji.

Hapo ndipo binadamu anapojitokeza kuwa sehemu ya chombo. Majaribio yaliyosimamiwa na taasisi ya BAM ya Berlin, huko Ujerumani na Croatia, yalidhihirisha kuwa chombo kile kile mikononi mwa watu wawili chaweza kutoa matokeo mawili, kwa kadiri ya mafunzo na mazoea. Mmoja hukipitisha taratibu, akikilaza karibu na ardhi na kuhakikisha kila mpito unaupanda kidogo ule uliotangulia; mwingine, kwa uchovu wa saa ya tatu ya kazi, hukiinua sentimita chache mwishoni mwa kila mkato, na chini ya sentimita hizo chache bomu hubaki. Nionavyo mimi, mashine isiyopimwa pamoja na mtu wake haijapimwa.

Tena ziko tarakimu zinazodanganya kwa uzuri wake. Mtu akizika mabomu 30 ya kuigiza na yote 30 yakapatikana, hudhani kuwa amethibitisha ukamilifu. Lakini hesabu ya uwezekano inamruhusu kusema, kwa yakini ya asilimia 95, kwamba chombo hakikosi zaidi ya takriban moja katika kila kumi, basi. Kiwango cha asilimia 99.6, kilichopata kutajwa na Umoja wa Mataifa kwa ardhi iliyosafishwa, kingetaka mabomu ya kuigiza yapatayo 750 bila kukosa hata moja. Ni nani mwenye uwanja, siku na fedha za hayo kwa kila chombo na kila aina ya udongo? Anayetoa ripoti ya majaribio bila kuandika upana wa shaka yake huwakopesha wengine imani ambayo yeye mwenyewe hana.

Na kengele za uongo zina gharama yake. Katika Kambodia, kati ya 1992 na 1998, vitu takriban milioni 200 vilichimbuliwa na wateguaji, na katika hivyo mabomu na zana nyingine za kulipuka zilikuwa kiasi cha 500,000 tu. Vilivyosalia ni misumari, vifuniko vya chupa, maganda ya risasi na vipande vya mikebe, na kila kimoja kilifukuliwa kwa magoti, kwa utaratibu ule ule wa bomu, kwa sababu kabla ya kufukuliwa hakuna ajuaye. Haja ya kuupunguza mzigo huu ndiyo iliyowaleta Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, watu wa shirika la APOPO, wanaowafunza panya buku kunusa baruti. Panya hajali msumari. Naye pia hupimwa kwa kificho, katika viwanja vilivyozikwa mabomu mahali asipopajua mwenye kumwongoza, kabla ya kupelekwa ng'ambo. Na panya waliofunzwa hapo walifanya kazi Msumbiji, nchi ambayo ardhi yake ilianza kutegwa mabomu katika vita vya uhuru vilivyoanza 1964, ng'ambo ya pili ya Mto Ruvuma, na ambayo haikutangazwa kuwa imekwisha kusafishwa mpaka Septemba 2015. Hata hivyo, panya anapoonyesha mahali, aghalabu mtu hupafuata na kigunduzi chake.

Mtu huyo, kabla ya kuingia katika njia yake asubuhi, huenda kwanza kwenye kipande cha ardhi kilichohakikishwa kuwa salama, palipozikwa shabaha ndogo ya metali kwa kina anachotakiwa kukifikia siku hiyo, katika udongo ule ule wa mahali pale. Hukipitisha chombo juu yake, akasikiliza. Baada ya mapumziko hurudi akasikiliza tena. Na ikitokea kwamba sauti haikuja, chombo huwekwa kando, na ardhi yote iliyopitiwa tangu sauti iliposikika mara ya mwisho hurudiwa upya, hatua kwa hatua, kana kwamba hapakuwa na mtu aliyeipitia.